Trekta dogo la kukatia nyasi kwenye shamba la minazi Bagamoyo: uzoefu wangu wa misimu mitatu ya masika

Kiwanja chetu kiko upande wa Kaole, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, na ukubwa wake ni eka saba. Eka mbili ni uwanja wa nyasi za Pemba ambao watu huukodi kwa ajili ya harusi na shughuli za kifamilia. Zilizobaki ni minazi ya zamani aliyoipanda baba mkwe wangu, miembe michache, na magugu ambayo masika yakishika hufika kiunoni kabla hujajua ukianzie wapi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na vijana wanne wenye mafyekeo, baadaye tukanunua mashine za kubeba begani zinazotumia petroli, lakini hali ilibaki ileile: vijana wakifika mwisho wa shamba, mwanzo wa shamba umekwisha kuota upya. Ndipo nilipoamua kutafuta trekta dogo, na ninaandika haya kwa ajili ya mwenye kiwanja kama changu, kwa sababu maelezo mengi niliyoyapata wakati ule yalimhusu mkulima wa mpunga au wa mahindi, si mtu anayetaka nyasi zake zibaki hai baada ya trekta kupita.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukodi trekta kubwa la kulimia, lenye uzito unaozidi tani mbili, ambalo lilikuja siku mbili baada ya mvua na kuacha mifereji miwili ya magurudumu kuanzia getini hadi kwenye jukwaa la maharusi. Mifereji hiyo tuliijaza mchanga kwa mikokoteni kwa muda wa wiki nzima. Ya pili ilikuwa mashine ndogo ya kukatia nyasi ambayo mtu huiendesha akiwa ameketi. Hiyo ni nzuri sana kwenye uwanja uliokwisha kutunzwa, na sina neno baya juu yake, ila imetengenezwa kwa ajili ya nyasi tu. Chini ya minazi kuna makumbi, vifuu, makuti yaliyoanguka usiku na mashina yaliyokatwa yakafunikwa na majani, na sahani yake iliyo chini ya tumbo, karibu na ardhi, haikuweza kuyavumilia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na nguvu za farasi. Kila muuzaji niliyemwendea aliniuliza ninataka nguvu ngapi, nami nikawa ninajibu kama mtu anayenunua gari. Nilipaswa kuanza na kamba ya kupimia. Minazi iliyopandwa kwa mpango huachana kwa mita tisa hivi, lakini ya kwetu ilipandwa kwa macho, na mahali pengine kati ya mnazi na mnazi hapafiki mita tatu. Geti la nyuma nalo lina upana wa mita 1.8. Vipimo hivyo ndivyo vilivyoamua kila kitu kilichofuata. Slasha, yaani zana ya visu vizito inayofungwa nyuma ya trekta, ya mita 1.2 (futi nne), ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote iliyoweza kupita bila kugonga, na kwa kanuni ambayo mafundi huitumia, kila futi ya slasha huhitaji nguvu za farasi zipatazo tano, kwa hiyo trekta la nguvu 20 hadi 25 lilitosha. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, zana ya upana huo hukata mita za mraba 4,800 kwa saa ikiwa hakuna kona wala kurudia. Ukitoa kona, kurudia na kuzunguka miti, unapata chini kidogo ya eka moja kwa saa. Shamba lote humalizika kwa siku moja na asubuhi ya siku ya pili.

Matrekta mapya ya ukubwa huo yapo, na mengine ni ya kuvutia kweli, kama John Deere 1025R yenye nguvu za farasi zipatazo 24 na mwendo wa pedali usiohitaji kubadilisha gia. Mfuko wangu ulinielekeza kwingine: kwenye yadi za Dar es Salaam zenye matrekta yaliyotumika Japani, ambako unakuta Kubota, Yanmar, Iseki na Mitsubishi zimepangwa bega kwa bega, nyingi zikiwa na maandishi ya Kijapani ambayo muuzaji mwenyewe hayasomi. Nilikwenda na fundi wangu wa Bagamoyo, na uamuzi huo ndio ulioniokoa. Trekta la kwanza nililolipenda lilikuwa limepakwa rangi upya, mita yake ya saa za kazi ilionyesha 640, na injini iliwaka kwa kugusa tu. Fundi hakuisikiliza hata injini. Aliinama, akaigusa pedali ya klachi kwa kidole gumba, akaniita: "Mama, hebu njoo utazame hapa." Mpira wa pedali ulikuwa umelika wote, na chuma kilichokuwa chini yake kilikuwa kimeng'aa na kuingia ndani kidogo, kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Mguu wa mtu hauwezi kula chuma hivyo kwa saa 640. Tuliondoka, tukanunua jingine lenye rangi iliyopauka na pedali zenye mistari yake, injini ya dizeli ya silinda tatu, nguvu za farasi 22, na uzito usiofika tani moja.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba matrekta haya yalitengenezwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga. Lilikuja na rotaveta nyuma, yaani zana ya kutifulia udongo, ambayo sikuihitaji, na matairi yenye meno marefu yanayofaa kwenye tope. Mikono ya nyuma ya kushikia zana nayo ilikuwa na matundu madogo kuliko pini za slasha niliyoinunua Gerezani, Dar es Salaam. Slasha nyingi zinazouzwa hapa zina pini za milimita 22 kwa chini na 19 kwa juu, kwa hiyo ilibidi mikono ibadilishwe kabla ya zana kufungwa. Atakayenunua apime matundu hayo papo hapo yadini, kabla ya kulipa.

Kisha ikaja habari ya PTO, yaani ile ekseli fupi inayochomoza nyuma ya trekta na kupeleka nguvu za injini kwenye zana. Slasha za kawaida zimetengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Trekta langu, kama mengi ya Kijapani ya soko la ndani, lina gia tatu za PTO, na ni ya kwanza tu inayokaribia 540. Ya tatu inakaribia mara mbili yake. Kijana wetu anayeliendesha, kwa kuwa hakuweza kusoma kibandiko, aliweka gia iliyoingia kwa urahisi. Slasha ilikata vizuri mno kwa muda wa nusu saa, tukawa tunaisifu, hadi harufu ya oili iliyoungua ilipotufikia kutoka kwenye giaboksi yake. Beringi mbili zilikwenda siku hiyo. Sasa kuna mstari wa rangi nyekundu kwenye wenzo wa PTO, mkabala na gia ya kwanza, na nimeukaza wenzo wenyewe kwa waya.

Tukio la pili lilikuwa la hatari zaidi. Katika matrekta ya zamani yenye klachi ya hatua moja, PTO na magurudumu hushirikiana njia moja ya nguvu. Visu vya slasha ni vizito, na vikishashika kasi havisimami kwa sababu tu umekanyaga klachi. Vinaendelea kuzunguka na nguvu zao zinarudi nyuma: vinaisukuma propela, yaani mhimili unaounganisha PTO na slasha, propela inasukuma giaboksi, na giaboksi inasukuma magurudumu. Kijana alikanyaga klachi akitarajia kusimama, trekta likasonga mbele mita mbili hivi na kuukita mnazi. Kovu lipo hadi leo, usawa wa goti. Dawa yake ni kipande cha chuma kinachofungwa kati ya PTO na propela, ambacho huiruhusu slasha izunguke yenyewe bila kurudisha nguvu kwenye trekta. Ni kidogo, kinaenea kwenye viganja viwili, na kwa maoni yangu trekta la zamani lisilo na kifaa hicho lisifungwe slasha kabisa.

Kuhusu ubora wa ukataji, lazima niseme wazi kwamba slasha si ya bustani. Inapiga nyasi, haizikati. Baada ya siku mbili ncha za nyasi hugeuka rangi ya majani ya chai na uwanja wote huonekana umechoka. Kwa eka tano za minazi hilo halina shida. Kwa uwanja wa harusi nililazimika kununua zana ya pili, mashine ya kukatia nyasi ya kuvutwa nyuma yenye visu vitatu vinavyozungushwa na mkanda na vigurudumu vinne vinavyoshika kimo. Tofauti ilionekana siku ileile. Tunaiweka kwenye sentimita sita, na hatukati zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa wakati mmoja, kwa hiyo wakati wa masika tunapita kila baada ya siku saba au nane, ilhali wakati wa kiangazi zinapita hata wiki tatu. Kabla ya mashine hiyo kuingia, mtu hutembea mbele na kuokota. Kifuu kimoja tu kinatosha kukunja kisu.

Matairi ya mpunga yaliendelea kunitesa. Kila kona iliacha alama ya meno na nyasi zilizong'oka na mizizi yake. Nilitaka kubadilisha ya nyuma tu, maana ndiyo makubwa, fundi akakataa: kwenye trekta ambalo magurudumu yote manne yanavuta, ukubwa wa matairi ya mbele na ya nyuma umepigiwa hesabu pamoja, na ukibadilisha upande mmoja bila mwingine yatashindana na giaboksi ndiyo itakayolipa. Tuliyasubiri matairi mapana ya bustani yenye uwiano sahihi kwa miezi minne. Hata sasa, kwenye uwanja, kijana ana amri ya kuondoa mvuto wa magurudumu ya mbele, kwa kuwa kona kali huku mbele kunavuta huchana nyasi vilevile. Mvuto huo tunauacha kwa ajili ya kichanga cha upande wa pwani, ambako bila huo trekta lingejizika.

Gia za kawaida sizilalamikii. Mwendo wa pedali ungerahisisha kazi ya kuzunguka miti, ambapo unakwenda mbele na kurudi nyuma mara mia kwa siku, na kama ningekuwa na uwanja wa nyasi peke yake ningeutafuta. Kwa shamba letu lenye mistari mirefu, gia ya pili inatosha, na fundi yeyote wa hapa anaijua.

Adui mkubwa wa kila siku ni hewa ya bahari. Nyasi mbichi zikiganda chini ya sahani ya slasha hushika chumvi na unyevu, na ndani ya msimu mmoja bati huanza kutoka magamba. Tunaosha kila jioni, lakini si kwa maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi. Tunatumia maji ya mvua ya tangi, kisha tunapaka oili chakavu. Wakati wa kiangazi tatizo ni jingine: mapepe ya nyasi hujaza wavu ulio mbele ya rejeta, na sindano ya joto hupanda polepole bila dalili nyingine yoyote. Kijana husimama kila baada ya saa moja na kuufagia wavu kwa ufagio wa chelewa. Kikombe cha kioo kilicho chini ya filta ya dizeli nacho hutazamwa kila asubuhi, kwa sababu maji yakiingia huonekana yamekaa chini kama tone la zebaki.

Kwa kazi za kutengeneza mandhari, watu wengi walinishauri kununua trekta lenye kijiko mbele. Nilikataa, na bado naona nilikuwa sahihi, kwa kuwa kijiko kikijaa hulemea ekseli ya mbele na hudai uzito wa kusawazisha nyuma, na kwenye kichanga chetu hilo lingekuwa balaa. Bapa la kusawazishia lililofungwa nyuma, pamoja na tela dogo, vimetosha kueneza mchanga kwenye maegesho, kusomba samadi na kuburuta makuti.

Kuna dosari moja ambayo sijaimaliza. Trekta halikuja na fremu ya kumkinga dereva likipinduka, wala mkanda. Fundi wa kuchomelea alijitolea kunitengenezea ya mabomba, nikamkatalia, kwani fremu ambayo haijajaribiwa inaweza kumkunjia mtu badala ya kumlinda. Ninaendelea kuitafuta ya asili yake yadini, na kwa sasa mteremko unaoshuka kuelekea kwenye mikoko, kama robo eka hivi, haukatwi kwa trekta. Wale vijana wawili waliobaki bado wana mafyekeo yao, na upande ule ni wao.