Walipaka rangi sebuleni, maji yako uvunguni: uzoefu wangu na kampuni ya kuzuia unyevu

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Masika yalipokuwa yanaelekea ukingoni niliita kampuni moja ya hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, ije kuiondolea nyumba yangu ya Goba unyevu uliokuwa unaila. Walifanya kazi siku tatu, wakalipwa hadi shilingi ya mwisho, wakaondoka. Na katika siku hizo tatu hakuna hata mmoja wao aliyeinama kuingia uvunguni.

Uvungu ninaousema ni wa nyumba. Kiwanja changu kiko mteremkoni, na upande wa bondeni nyumba imeinuliwa juu ya kuta za msingi na nguzo, kwa sababu kujaza kifusi kungemaliza fedha kabla ya kufika kwenye lenta. Hivyo chini ya zege la sebule na vyumba viwili kuna nafasi tupu ambayo mtu mzima huingia kwa kutambaa, na sakafu ya mle ndani ni udongo mtupu.

Dalili zilikuwa wazi. Rangi ilifanya malengelenge kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, ikabanduka, na nyuma yake ukatoka unga mweupe wa chumvi ambao ukifagiwa asubuhi, baada ya siku chache umerudi. Kabati la chumbani lilitoa uvundo, na doti za kanga alizoniachia marehemu mama yangu zikaota koga kwenye mikunjo. Mwanangu wa mwisho ana pumu, na kila aliyelea mtoto mwenye pumu anajua nyumba yenye kuvu inavyomfanya usiku.

Msimamizi wao alifika, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akasema utakwanguliwa, utapigwa plasta yenye dawa ya kuzuia maji, kisha rangi maalumu, na matundu ya hewa ya uvunguni yatazibwa kwa kuwa hewa ya nje ndiyo inayoleta unyevu. Nitamtendea haki: katika hilo la hewa kulikuwa na ukweli. Hewa yetu ya masika ina joto na imebeba mvuke mwingi, na ikiingia mahali penye kivuli na ubaridi hugeuka matone, kama yanavyojitokeza nje ya glasi ya maji baridi. Lakini matundu huzibwa baada ya udongo kufunikwa na maji ya nje kuzuiwa. Wao waliyaziba huku ardhi ikiwa imelowa, sawa na kufunika sufuria ya maji iliyo jikoni na kutarajia mfuniko ubaki mkavu.

Wiki chache baadaye rangi ile maalumu ikaanza kufura. Nilipiga simu mara tatu ndipo msimamizi akaja. Nilimwomba jambo moja tu, aingie nami uvunguni atazame. Aliangalia viatu vyake, kisha akaniambia, mbele ya watoto wangu: "Mama, mimi si fundi wa mashimo. Hii ni pwani, unyevu wake ni wa Mungu. Kama huutaki, hamia Dodoma."

Kijana wa umri wa kumzaa, hakunipa hata shikamoo alipoingia. Maneno yale sijayasahau na sidhani kama nitayasahau, kwa sababu nilikuwa nimemlipa ili atazame, na kutazama ndiko alikokataa.

Nilijifunga kanga, nikawasha tochi ya simu, nikaingia mwenyewe. Chini ya zege matone yalikuwa yamening'inia kwa mistari, na kando ya mstari mmoja kulikuwa na alama ya kahawia iliyopasuka, kipande cha zege kimeanguka, nondo inaonekana na kutu yake ikibanduka kwa magamba. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke. Juu ya nguzo moja mchwa walikuwa wamekwisha kujenga njia yao. Udongo wa upande wa mlimani ulikuwa tope, na nilipotoka nje kufuatilia nikakuta bomba la gata linamwaga maji ya bati zima papo hapo kwenye msingi.

Jumapili iliyofuata alikuja kijana wao mmoja, yule aliyekuwa akikoroga plasta, peke yake. "Shikamoo mama. Siku ile niliona, ila mbele ya bosi nisingeweza kusema." Alitandika kipande cha nailoni juu ya udongo wa uvunguni, akakibana kwa mawe, na asubuhi yake upande wa chini ulikuwa umejaa maji, ishara kwamba unyevu ulikuwa unapanda kutoka ardhini. Kwanza aliyafungua matundu. Kisha akarefusha bomba la gata likamwage mbali, akachimba mfereji upande wa mlimani na kuweka bomba lenye matundu ndani ya kokoto, akasawazisha ardhi iteremke kwa sentimita 15 katika kila mita 3 kutoka ukutani. Uvunguni alitandaza nailoni nzito ya geji 1000 (unene wa kama robo milimita), kipande kikilalia kingine kwa sentimita 30, akaipandisha kidogo kwenye kuta na kuibana. Ile nondo aliipiga brashi ya waya na kuifunika upya.

Mwisho akaibandua plasta mpya yote, akanikataza kupaka chochote. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wa ukuta unaokauka. Tofali langu ni la inchi 6. Wenzake walikuwa wamepaka rangi siku ya tatu.

Hapo nilitaka kulegeza hukumu yangu. Kampuni yenye kijana kama huyu haiwezi kuwa mbovu yote, nikajiambia, labda tatizo ni mtu mmoja mwenye viatu vizuri. Nilikuwa tayari kuandika kwamba waombeni yule kijana, mtahudumiwa vyema. Kisha nikapeleka karatasi yao ya dhamana, iliyoandikwa miaka mitano, ili nirudishiwe walau fedha ya plasta, nikajibiwa kwamba dhamana imekufa kwa sababu nimeyafungua matundu waliyoyaziba. Basi ninaondoa neno langu. Msiwaite. Mtafuteni fundi ambaye, kabla ya kutaja bei, atauliza mlango wa uvunguni uko wapi.

Vuli imeanza. Kila asubuhi ninaingia na tochi. Juu ya nailoni ni pakavu, na matone ya kwenye zege hayapo. Ukuta wa sebule bado ni tofali tupu hadi usawa wa dirisha, na wageni wakiuliza ninawaambia unakauka. Fedha yangu bado ninaidai.