Jeshi la Chuo Kikuu Angani: Wasomi wa Kulelewa au Mamluki?
Anayebuni hadithi ya kisayansi ambamo vyuo vikuu hupigania maktaba za sayari nyingine hukabiliwa na swali hili: askari msomi alelewe chuoni tangu utotoni, au akodiwe? Kwa gharama, mamluki ni nafuu, kwani mwenzake hula, hulala na kusomeshwa miaka mingi kabla ya kufyatua risasi ya kwanza. Kwa ukatili wenye shabaha, wa kulelewa hana mpinzani: anajua hati ya kuokoa na profesa wa kuua. Uaminifu wake, hata hivyo, si wa kuamini kijuujuu. Majanisari, askari waliolelewa na Milki ya Osmani, ndio waliompindua Sultani Osman II mwaka 1622. Mamluki asipolipwa, huweza kujiondokea tu. Riwaya ndefu ya usaliti inamhitaji wa kulelewa. Kisa kifupi cha uvamizi mmoja kinatoshwa na mamluki.