Toyota Probox yenye kilomita 218,000: tathmini baada ya miaka mitatu barabarani

Miaka mitatu iliyopita nilinunua Toyota Probox ya mwaka 2006 ambayo mita yake ilikuwa inasoma kilomita 218,000, na karibu kila niliyemwonyesha alinipa pole kabla ya kunipa hongera. Leo mita hiyo inasoma 291,000. Kazi ya gari hili ni kuchukua vifaa vya ofisi na vya shule Kariakoo na kuvileta dukani kwangu Morogoro, safari ya karibu kilomita 400 kwenda na kurudi, mara moja kwa juma, na mara mbili shule zinapokaribia kufunguliwa. Swali ninaloulizwa zaidi halihusu gari lenyewe bali namba iliyo kwenye mita: je, gari lililokwisha kutembea kiasi hicho lina faida gani kwa mnunuzi? Jibu langu ni kwamba lina faida, mradi kilomita zake ziwe za kweli, injini yake iwe ya aina inayostahimili umri, na fedha uliyookoa kwenye bei isiguswe mpaka fundi amalize kazi yake.

Naanza na ukweli wa kilomita, kwa kuwa hapo ndipo wengi huumia. Kabla ya gari hili nilionyeshwa jingine kwenye yadi moja ya kuuza magari jijini Dar es Salaam, la mwaka uleule, mita ikisoma 68,000, na bei yake shilingi milioni 13. Rangi ilikuwa inang'aa, viti vilikuwa vimeoshwa vizuri, na mimi nilikuwa nimekwisha kuridhika. Fundi niliyekwenda naye hakufungua boneti kwanza. Aliinama akatazama pedali ya breki, ambayo mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja hadi chuma kuonekana, kisha akapitisha kidole kwenye usukani palipokuwa laini kama kioo, na mwishowe akanionyesha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kibandiko kidogo cha Kijapani cha kumbukumbu ya kubadilisha oili. Maandishi hatukuweza kuyasoma, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani: 143,500. Muuzaji alieleza kwamba kibandiko hicho huenda kilitoka kwenye gari jingine. Mpaka leo sijaelewa kibandiko huhamaje mlango.

Gari nililolinunua lilikuwa mikononi mwa mwalimu mmoja mstaafu, nalo lilikuwa na jambo ambalo yadi ile haikuwa nalo, yaani karatasi. Probox nyingi husajiliwa Japani kama magari ya mizigo, na sheria ya huko hulitaka gari dogo la mizigo likaguliwe miaka miwili baada ya usajili wa kwanza na kila mwaka baada ya hapo, huku kilomita zikiandikwa kwenye cheti cha ukaguzi. Cheti cha kulitoa gari hili Japani kilionyesha kwamba liliondoka huko mwaka 2014 likiwa na kilomita 131,000, na mwalimu yule alikuwa na daftari la mistari alimoandika kila badiliko la oili tangu hapo, pamoja na jina la oili na bei yake. Ukigawa kilomita 131,000 kwa miaka minane unapata kama 16,000 kwa mwaka, kiasi ambacho si kigeni kwa gari la kampuni. Nilimlipa milioni 7 na laki 8, bila kubishana sana.

Injini ndiyo sababu ya pili ya kuthubutu. Ni 1NZ-FE ya lita moja na nusu, inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na ambayo Toyota waliifunga pia kwenye IST, Raum na baadhi ya Corolla, kwa hiyo vipuri vyake havitafutwi kwa tochi: ukikosa duka hili la Kariakoo unapata linalofuata, na vilivyotumika vinauzwa eneo la Gerezani, jirani na hapo. Ningekuwa naangalia gari lenye 1ZZ-FE ya kabla ya mwaka 2005, injini inayojulikana kwa kula oili kutokana na muundo wa pistoni na ringi zake, kilomita 218,000 zingenifukuza. Vivyo hivyo kwa injini za D-4 zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo hujaa masizi kwenye njia ya hewa na pampu yake ya presha ikifa huuma mfukoni. Namba moja ya mita ina maana tofauti kabisa kwa injini tofauti, na wauzaji hawapendi kulisema hilo.

Maana hiyo hubadilika pia kwa kazi ambayo gari limefanya. Kilomita za barabara kuu, injini ikiwa imepata joto lake na gia haibadilikibadiliki, hazichoshi gari kama kilomita za foleni ya Dar es Salaam, ambako injini huunguruma saa nzima huku mita ikisogea kidogo tu. Probox hii ilitengenezwa kubeba mzigo wa kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watano. Kila mtu anajua inabeba nini huku kwetu. Iliyofanya kazi ya mchomoko, yaani gari dogo la kusafirisha abiria, vijijini, au iliyokimbiza miraa kutoka Meru kule Kenya, siitaki hata ikiwa na kilomita 100,000 zenye ushahidi wa maandishi.

Ukaguzi tuliufanya asubuhi, injini ikiwa baridi, na nilimwomba mwalimu asiiwashe kabla hatujafika. Iliwaka bila moshi wa bluu. Kifuniko cha oili kilipofunguliwa injini ikiwa inanguruma hapakuwa na mvuke mzito wa kupuliza. Maji ya rejeta yalikuwa safi, si rangi ya chai ya maziwa. Hydroliki ya gia boksi ilikuwa nyekundu iliyofifia, bila harufu ya kuungua. Hapo mafundi wawili walitofautiana, mmoja akisema hydroliki ya zamani isiguswe kamwe na mwingine akisema ibadilishwe. Nilimfuata wa pili lakini kwa tahadhari, nikimwaga kiasi kinachotoka chenyewe na kujaza upya mara tatu, kwa kuachana miezi miwili. Gia zote nne bado zinaingia bila kugonga. Deni la faini za barabarani na uhamishaji wa umiliki kwenye mamlaka ya mapato, TRA, vilichukua siku chache na havina hadithi.

Mwaka wa kwanza gari lilinidai shilingi milioni 1 na laki 9. Shokabu zote nne, bushi za mbele, mauntini mbili za injini, biringi ya gurudumu moja na rejeta vilibadilishwa, na rejeta ilinisumbua zaidi kwa sababu ilivuja Chalinze jioni ya Ijumaa. Mwaka wa pili nilibadilisha stata na plagi tu. Ukijumlisha, bado nipo chini sana ya milioni 13 za yadi ile, na gari lile lingehitaji vitu hivyohivyo kwa sababu shokabu haisomi mita iliyorudishwa nyuma.

Kuhusu uendeshaji sina sifa nyingi. Bila mzigo gari linarukaruka kwenye matuta, kelele za matairi zinaingia ndani, na kiti cha nyuma si cha kumkalisha mkwe hadi Dar es Salaam. Likibeba katoni za karatasi linatulia na kwenda kilomita 13 hadi 14 kwa lita moja ya petroli. Kibao kinachovutwa kutoka kwenye dashibodi, walichowawekea wafanyabiashara wa Kijapani, ndicho ninachoandikia risiti zangu.

Tangu mwaka huu uanze injini imeanza kupunguza oili, karibu nusu lita kati ya badiliko moja na lingine la kilomita 5,000. Fundi amepima kompresheni akaridhika, akaniambia nikague kijiti cha kupimia oili kila Jumamosi na nisibadilishe chochote kwa sasa. Chupa ya lita moja iko nyuma ya kiti cha abiria, imefungwa kwa kitambaa, na nimetenga milioni moja na nusu kwa ajili ya siku ya kubadilisha ringi za pistoni.