Duka la fundi redio Mwembe Tayari, kazi ya Ami bado ipo

Ukiwa na redio ya masafa mafupi imekufa peleka hapa. Marehemu Ami, Mola amrehemu, ndo alotufunza wengi redio ya ridhaa, yaani kuongea na watu hewani kwa kupenda tu si kwa biashara, hapa Mombasa, na saa hii kijana wake ndo ameshika duka na kazi ni ileile wallahi. Nlipeleka yangu haishiki kitu, akafungua akanionyesha plagi ya antena imeota kutu ya kijani, manake chumvi ya bahari haina huruma, akasafisha akalehemu upya akaziba na tepu ya mpira vile Ami alivyokuwa akisisitiza. Waya wa antena ya masafa ya megahezi 7 akanipimia mita 20, akakata katikati, kumi huku kumi huku. Bei ya kiutu. Ijumaa mchana wanafunga waende kuswali, wahi asubuhi.