Gari la kukodi mpaka Lindi, na maneno ya "mpe simu shemeji"

"Dada, mpe simu shemeji niongee naye."

Naanza na hilo kwa sababu bado limenikaa kooni. Hivyo ndivyo alivyonijibu mwanaume wa ofisi tuliyokodi gari, mimi nimesimama juani pembeni ya barabara, kabla kidogo ya Somanga, boneti iko wazi na maji ya rejeta yanachuruzika kwenye lami. Shemeji hana leseni. Mkataba nilisaini mimi, hela nilitoa mimi, na tangu Mbagala usukani nilikuwa nao mimi.

Ilikuwa mwaka jana, masika yameshakatika. Safari tulikuwa tumeipanga siku nyingi: Dar, Kilwa, Lindi, tumalizie Mikindani. Kwa asiyeijua njia hii, bahari huioni mapema. Mkuranga, Kibiti mpaka Ikwiriri ni mikorosho, minazi, na vijana wanakimbilia dirishani na korosho. Ukifika Daraja la Mkapa na kuuona mto Rufiji umetanda chini yako, hapo ndipo moyo unafunguka. Na hapo hapo ndipo mshale wa joto ulipoanza kupanda.

Nilipiga simu. Nikaambiwa, "Gari hilo ndivyo lilivyo, wewe nenda taratibu." Nikaenda taratibu. Gari likachemsha. Nikapiga tena, ndipo nikaambiwa nimpe simu shemeji. Nikampa, kwa sababu mtoto alikuwa analia kwa jua, na najuta mpaka leo. Sauti ikageuka asali: bosi, pole sana bosi, fundi anakuja. Mume wangu akamwambia, "Dereva ni mke wangu, hayo muulize yeye." Simu ikakatwa. Tulipiga hatukupokelewa tena, na fundi wao hadi kesho hajafika.

Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda, alikwenda Somanga akarudi na fundi kambeba nyuma. Fundi akauchomoa mpira wa juu wa rejeta akauweka kiganjani mwangu. Ulikuwa na ufa, na juu ya ufa umefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimezungushwa mara nne, fundo limekauka kwa oili na vumbi. "Mama," akasema, "hii haikufungwa jana wala juzi." Kwa hiyo walijua! Walinikabidhi funguo wakiwa wanajua, na mtoto wangu yuko kiti cha nyuma. Hilo ndilo lisilonitoka.

Mpira mwingine ulipatikana jioni. Tukalala Somanga, na siku iliyopotea ndiyo iliyokuwa siku ya Kilwa Kisiwani. Mwanangu nilikuwa nimemsimulia magofu yale wiki nzima, jinsi msafiri Ibn Battuta alivyofika pale mwaka 1331 akausifu mji, jinsi msikiti mkuu unavyosimama mpaka leo, urithi wa dunia tangu 1981. Tulipita Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa, bila kukata kushoto. Aliuliza, "Mama, si ni huku?" Sikuwa na jibu.

Sasa niseme na jingine, maana haki ni haki. Baada ya fundi yule, gari halikusumbua tena. Ukishaipita Mchinga bahari inakuja yenyewe mpaka ubavuni mwa barabara, na Lindi ikatokea mbele, mji umeshika ghuba, minazi imeinamia maji. Tulikaa siku tatu badala ya moja, Mikindani tukaiacha. Asubuhi natazama watu wanavuka kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, mwanafunzi na kiatu mkononi, mama na tenga la samaki. Jioni supu ya pweza, upepo, hakuna foleni, hakuna honi. Mimi ni mshonaji. Cherehani haichagui mji. Usiku wa pili nilimwambia mume wangu, tuhamie huku. Hakucheka. Akauliza shule ya msingi ya karibu iko wapi. Usiku ule nilikuwa nimewasamehe wale watu kabisa, nikasema nikirudi nitawapa hata nyota tatu, kwani bila gari lao ningeiona wapi Lindi?

Nikarudi. Wakanikata elfu hamsini kwenye dhamana. Sababu: mchanga wa ufukweni kwenye mazulia. Nikatoa ule mpira mkobani na tyubu yake, nikauweka mezani. Akautazama, akanitazama, akauliza, "Shemeji hajaja?"

Nyota moja, na hiyo moja ni ya fundi wa Somanga. Jina la ofisi silitaji, ila ukikodi gari kokote kwa safari ya kusini, usisaini kabla hujafungua boneti na kuipapasa mipira kwa mkono wako, moja moja. Mwanamke mwenzangu, wakikuuliza mwanaume yuko wapi, chukua hela yako uondoke.

Likizo ya Disemba tunarudi Lindi, kwa basi, na safari hii Kilwa tutashuka. Mama aliyekuwa akituuzia supu ana chumba na sebule anapangisha, dirisha linatazama Kitunda. Nimeshamtumia ya kushikia.