Sketi ya kuzuia baridi kwenye bwawa la juu ya ardhi: nunua kipi kwanza na kipi uachane nacho

Mwezi wa tano huku Minnesota, Marekani, bwawa linaumiza roho kweli. Mchana jua linapiga vizuri, maji yanapanda mpaka nyuzi 78 za Fahrenheit, watoto wanaoga mpaka giza linaingia, unalala na furaha yako, afu asubuhi saa kumi na mbili unaenda kuweka kiganja kwenye ule ukuta wa bati unakuta wa baridi kama mlango wa friji, maji yamerudi 73 na hita imekesha inanguruma bure. Ndo hapo mtu anaanza kuwaza sketi, yaani kulizungushia bwawa ukuta mwingine wa nje wenye insulesheni (vitu vya kuzuia joto lisitoke) ndani yake. Mi nimeshafanya hii kazi kwenye mabwawa mawili, la kwetu na la shemeji yangu, na la kwetu nimelirudia kwa sababu mara ya kwanza nilinunua kitu kisichofaa, kwa hiyo haya ninayosema nimeyashika kwa mkono.

Kabla hujatoa hata dola moja ya sketi, jibu swali hili: una kifuniko cha jua? Kile cha plastiki chenye vipovu, kinachoelea juu ya maji. Kama huna, nunua hicho kwanza, tena leo. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema joto linalopotea kwenye bwawa karibu asilimia 70 linaondoka na mvuke, yaani linapita juu wala sio ubavuni, na kwamba kufunika bwawa kunapunguza gharama ya kupasha maji kwa asilimia 50 mpaka 70. Sketi nzuri kuliko zote duniani haiwezi kushindana na hapo. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanajenga sketi ya maana, mbao nzuri, skrubu za stenlesi, afu juu wameacha wazi, na asubuhi wanashangaa maji bado ya baridi.

Sasa kama kifuniko kipo, sketi inasaidia kiasi gani? Tupige hesabu ya bwawa la kawaida, la duara, futi 24, maji kina cha futi 4. Hapo una kama galoni 13,500, uzito wake unakaribia tani 51. Uso wa maji ni kama futi za mraba 450, ubavu kama 300. Usiku wa baridi, tofauti ya maji na hewa ikiwa nyuzi 20 za Fahrenheit na upepo kidogo, kwa hesabu yangu ule ubavu mtupu unapoteza kama BTU 9,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), ukiweka povu gumu la inchi 2 inashuka haifiki 1,000. Kwa usiku wa saa kumi umeokoa kama BTU 80,000, na bwawa hilo linahitaji kama 112,000 kupanda nyuzi moja. Kwa hiyo sketi inakupa kama robo tatu ya nyuzi moja kila usiku. Inaonekana ndogo lakini kwa wiki nzima ya baridi ni nyuzi tano, na hiyo ndo tofauti ya watoto kuingia majini na watoto kukaa pembeni wamejifunga taulo. Upepo ukiwa mkali faida inazidi. Akikuambia muuzaji kwamba sketi peke yake itakupandishia maji nyuzi kumi, mwachie bidhaa yake.

Haya, tuje kwenye vitu vyenyewe, kuanzia ninachokiamini zaidi.

Namba moja kwangu ni povu gumu la XPS, zile bodi za futi 4 kwa 8, lile la rangi ya waridi la Owens Corning mmeliona kila duka la vifaa vya ujenzi. Kila inchi ina R ya 5 (R ni namba ya kuonyesha kitu kinazuia joto kiasi gani, ikiwa kubwa ndo vizuri) na halinywi maji kirahisi, na hilo la maji ndo limenifanya nilipende, kwa sababu pembeni ya bwawa kila kitu kitalowa tu, watoto wataruka, mvua itanyesha, theluji itayeyuka. Bwawa la futi 24 mzunguko wake ni futi 75 na kidogo, ukilaza bodi kwa urefu unahitaji kumi kwa tabaka moja. Ila sikiliza hapa, usinunue za inchi 2 kwa bwawa la duara maana hazipindi, nunua za inchi 1 uweke tabaka mbili, zinapinda kidogo na ukizichanja mistari kwa kisu upande wa ndani zinafuata duara vizuri kabisa, afu maungio ya tabaka la pili usiyapange sawa na ya kwanza ili upepo usipate njia. Bwawa la mviringo mrefu, pande zilizonyooka weka za inchi 2 hamna shida. XPS haitakiwi kuachwa wazi, jua linaichoma inageuka njano na kutoa unga, na inashika moto, kwa hiyo lazima uivike kitu juu.

Namba mbili ni EPS, lile povu jeupe la punje punje kama linalokuja kwenye boksi la TV, ila la ujenzi ni gumu zaidi. R yake ni kama 4 kwa inchi, bei nafuu kuliko XPS, na kama hela imebana mi sioni aibu yoyote kuiweka, tafuta tu ile iliyobandikwa plastiki pande zote mbili. Ukiikata kwa msumeno zile punje zinapeperuka mpaka kwa jirani na zinaingia kwenye filta, kwa hiyo katia mbali na bwawa na utumie kisu kirefu chenye makali.

Kuna kitu watu wengi hawakijui, zile sketi za nyumba za trela. Huku Marekani nyumba za trela zinazungushiwa sketi chini ili mabomba yasigande, na zinauzwa paneli za vinaili (aina ya plastiki ngumu) zilizobandikwa EPS kwa nyuma, zimekuja tayari na reli zake za juu na chini. Ukitaka kazi iishe wikendi moja hii ndo njia, na inasafishwa kwa mpira wa maji tu. Kasoro yake imetengenezwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo bwawa la duara itabidi ujenge fremu ya pembe nane au kumi na mbili, na kwenye kila pembe unabaki na nafasi tupu ambayo panya wataipenda. Bwawa la shemeji ni la mviringo mrefu, tukaweka hizi, na kusema kweli limependeza kuliko langu. Naipa namba tatu, lakini kwa mtu asiye na fundi wala msumeno mzuri ingeweza kuwa ya kwanza.

Pamba ya mawe, ile ya bodi ngumu, ina R kama 4 kwa inchi, haishiki moto na ikilowa maji yanapita yanashuka. Bei juu na ni nzito. Mi nimeitumia sehemu moja tu, upande wa hita ya gesi, maana povu karibu na moto sitaki hata kusikia. Soma kitabu cha hita yako kimeandika iachwe nafasi kiasi gani, uifuate kama ilivyo.

Vya kuachana navyo. Zile karatasi za kung'aa zenye mapovu ndani, zinaviringishwa kama mkeka, ndo nilizoanza nazo mimi. Boksi linakuvutia kwa namba kubwa, lakini namba hiyo inapatikana kukiwa na nafasi ya hewa iliyofungwa pembeni yake, ukiibandika ukutani moja kwa moja unabaki na R ya 1 hivi. Nililiona mwenyewe kwa kipimajoto, hakuna kilichobadilika, nikabandua yote. Pamba ya glasi, ile ya njano ya kwenye dari, usijaribu kabisa, ikilowa inalala chini na kubaki kama dekio, na bati linaanza kutu nyuma yake bila wewe kuona. Polyiso, povu gumu jingine lenye karatasi ya fedha, ina R nzuri, kama 6 kwa inchi, ila kingo zake zinanyonya maji na baridi ikizidi nguvu inapungua, hiyo iache kwenye paa la nyumba. Marobota ya nyasi kavu yanazuia joto sana lakini mwaka mmoja tu yameoza na yamejaa panya. Na povu la kupuliza, hili ndo linanitia huzuni, jirani yangu alileta kampuni wakampulizia ukuta mzima, likashika bati kama simenti, msimu uliofuata maji yakaanza kuvuja kwenye skima (kile kikasha cha ukutani kinachonyonya uchafu wa juu ya maji) na hakuna aliyeweza kufika kwenye zile skrubu. Bwawa lote likaenda jalalani.

Hilo linanipeleka kwenye kanuni ambayo naomba muishike: sketi isimame kwa miguu yake. Usigundishe kitu ukutani, na usithubutu kupiga skrubu hata moja kwenye bati la bwawa. Zile tani 51 zinashikiliwa na bati jembamba linalovutwa pande zote, tundu dogo lenye kutu linaweza kuwa mwanzo wa ukuta kuchanika, na kama kuna mtoto pale nje sitaki hata kufikiria. Jenga fremu ya mbao zilizotiwa dawa, acha nafasi ya inchi moja kati ya povu na bati, juu funga vizuri upepo usiingie, chini mwaga kokoto ili maji yapate pa kwenda, na mbao za nje zisiguse udongo. Fremu ya kukaa juu ya kokoto nimeipenda kuliko nguzo za kuchimbia, maana ardhi ya huku ikiganda inavimba na kunyanyua nguzo yoyote fupi, na kina cha kuganda kusini mwa Minnesota kinahesabiwa inchi 42. Ukiamua kuchimba basi piga 811 kwanza waje wakuwekee alama za mabomba na nyaya, ni bure.

Kwa wenye mabwawa laini ya plastiki, yale ya fremu ya bomba, msiache povu la XPS au EPS liguse ile plastiki miezi na miezi. Mafuta yanayoifanya plastiki iwe laini yanahamia kwenye povu na plastiki inakakamaa. Weka karatasi ya polithini katikati. Waya wa pampu nao usiulaze juu ya povu kwa sababu hiyo hiyo.

Cha kuvika kwa nje, mbao za sida zinavutia na zinavumilia maji, vinaili ni rahisi, mabati ya migongo nayo yanakaa poa ila kingo zake zikunje zisikate miguu ya watoto. Chochote utakachochagua, kiweke wima. Ukipanga mbao za kulala zenye nafasi katikati umemjengea mtoto wa miaka mitatu ngazi ya kwenda majini. Miji mingi inahesabu ukuta wa bwawa wa kuanzia inchi 48 kama uzio wa usalama, na sketi yenye vikanyagio inauharibu, kwa hiyo pitia ofisi ya vibali ya mji wako kabla hujanunua mbao. Na ule waya mnene wa shaba uliounganisha bwawa na pampu kwa ajili ya usalama wa umeme, usikatwe wala usifunguliwe kwa sababu yoyote, kama unapita kwenye njia yako mwite fundi umeme mwenye leseni.

Milango. Weka mlango wenye bawaba kwenye skima, kwenye mdomo wa kurudishia maji, na kwenye pampu. Mi nimeongeza mitatu upande wa kusini, kwa sababu jua la mwezi wa tano linapiga kwenye ubavu huo na ukuta wenyewe unapasha maji bure, kwa hiyo asubuhi watoto wanafungua komeo, jioni wanafunga. Milango hiyo ndo imenisaidia kuona wadudu pia. Mwaka jana nilifungua mmoja nikakuta chini kumemwagika unga mweupe kama machicha ya nazi, nikagusa povu kidole kikazama, sisimizi wakubwa weusi wameshachimba vyumba ndani. Hawali povu, wanatafuta pa kukaa tu. Nikatoa bodi mbili, nikaweka mpya, afu kwa ajili ya panya chini yote nikazungusha wavu wa chuma wa matundu ya robo inchi, umekunjwa kwa nje na kufukiwa chini ya kokoto. Wavu huo ununue siku hiyo hiyo unayonunua povu, futi 80 zinatosha kwa bwawa la futi 24.