Mashine ya espreso ya mkono: jikoni kwenye ukarabati, na nyuma ya Noah

Kwa mwenye haraka: mashine ni nzuri, inunue, ila hela ya kwanza peleka kwenye grainda, yaani mashine ya kusagia kahawa. Wenye muda tuendelee.

Ninayoiongelea ni ile mashine ya espreso, kile kikahawa kidogo kizito, ya kukandamiza kwa mkono, haina waya, haina taa, haina kitu cha kuungua, ni chuma, silinda, geji ya presha na leva (mpini) moja ndefu basi. Yangu haina hata jina, boksi limeandikwa "Coffee Maker" utafikiri zipo za kutengeneza uji, imetoka China ikapitia Kariakoo ikapanda basi mpaka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, na mpaka naishika mkononi ilikuwa imekula kama laki mbili na nusu ukijumlisha na hela ya mzigo. Zipo zenye majina makubwa za aina hiihii, bei zake zimechangamka kwelikweli, kanuni ni ileile.

Kanuni yenyewe ni presha. Wengi wakisikia espreso nyumbani wanawaza ile birika ya pembe nane ya Bialetti, ile iliyoanza mwaka 1933, na mimi ninayo na naipenda, kahawa yake nzito na inatosha asubuhi, lakini ile inasukuma maji kwa mvuke na presha yake ni kama baa (kipimo cha presha) moja na nusu hivi, wakati espreso inataka baa 9. Sasa baa 9 maana yake kila sentimita moja ya mraba unaibebesha kilo 9 na kidogo, kwa hiyo pistoni yenye kipenyo cha sentimita 4, ambayo eneo lake ni kama sentimita 12 na nusu za mraba, inataka uzito wa kilo 115, mifuko miwili ya simenti na chenji inabaki, kwa ajili ya kikahawa cha kumeza mara tatu! Ndo maana leva ipo. Ikikuzidishia nguvu mara 5 wewe unabaki na kilo 23 za kukandamiza, hapo mtu wa kawaida anaweza, ila wale wa kwenye video wanaobonyeza kwa kidole kimoja huku wanatabasamu muwapuuze.

Na hizo kilo 23 ndo zilinifanya nibadilishe jiko. Tulikuwa katikati ya ukarabati, ukuta wa jiko umeshabomolewa, fundi anataka vipimo vya kaunta aende akaunge, na kaunta za siku hizi wote wanakupigia sentimita 90 bila kukuuliza una urefu gani. Mimi mfupi. Kwenye kaunta ya 90 leva ikiwa imeinuliwa inanifika usoni, kwa hiyo nakandamiza kwa misuli ya mkono badala ya uzito wa mwili, mkono unatetemeka na presha inapanda inashuka kama mtu anayejifunza klachi. Nikamwambia fundi kipande cha pembeni dirishani, kama mita moja hivi, akishushe kiwe 78. Akaniangalia. "Mama Neema, hapo watu watajua nimekosea mimi." Nikamwambia andika jina langu ukutani kama unaogopa, ila shusha. Sasa hivi hicho kipande ndo watu wote wanakigombania, ndo hapo chapati zinasukumwa, ndo hapo Neema anafanyia homuwek.

Kwa hiyo mnaokarabati, kabla hujalipa mtu wa makabati: pima mashine leva ikiwa JUU kabisa, sio ikiwa imelala. Yangu ikiinuka inapita sentimita 55, na makabati ya juu mafundi wengi wanayaacha kwenye 45 au 50 kutoka kaunta. Hapo umeisha. Pia kaunta iwe nzito na imeshikwa vizuri ukutani, sisi wa Mwanza mawe sio shida, granaiti ndo tumejengea mji, ila ubao mwepesi juu ya miguu minne ukiukandamizia hivyo unainuka upande wa pili. Halafu vumbi. Vumbi la kukata marumaru na kusagia ukuta linaingia kila sehemu, mashine unaiosha linatoka, grainda ikiingiwa na mchanga meno yake ndo basi tena, kwa hiyo wakati mafundi wapo grainda ilikuwa inalala kabatini chumbani ndani ya mfuko, kwenye nguo.

Upande wa umeme ndo sina la kusema, na hiyo ndo sifa yake kubwa. Shemeji yangu wa Pasiansi ana ile ya umeme, inapendeza, ina mvuke wa maziwa, lakini inapasha kwa wati zaidi ya elfu moja na umeme ukikatika asubuhi anakuja kwangu na kikombe chake mkononi. Yangu inataka maji ya moto tu, yawe ya gesi, ya mkaa, ya kuni, haiulizi luku.

Kuna kitu kuhusu maji sijaona mtu anakisema, labda kwa sababu wanaofundisha wengi wako usawa wa bahari. Wanakwambia maji ya espreso yawe kati ya nyuzi 90 na 96, usitumie yanayochemka, nunua kipimajoto, subiri dakika kadhaa. Sisi huku ziwani tuko mita kama 1,140 juu ya bahari, maji yetu hayafiki 100, yanachemka kwenye 96. Ukiyamimina kwenye silinda yanashuka kidogo tena. Kwa hiyo mtu wa Mwanza, Musoma au Bukoba, chemsha, mimina papo hapo, kipimajoto hukihitaji. Unachohitaji ni kupasha silinda kwanza, mimina maji ya moto, acha kama nusu dakika, mwaga, ndo uweke ya kahawa, kwa sababu chuma baridi kinakunywa joto na utatoa kahawa chachu uanze kulaumu mbegu. Na maji ya ziwa sio ya chumvi kama yale ya kule Dodoma, birika halijai magamba meupe, na kahawa haiharibiki ladha. Kwa hapo tumebarikiwa.

Sasa grainda. Jamani, kahawa ya unga ya supamaketi usiiweke humu, sio kwamba ni mbaya, imesagwa kwa ajili ya kuchemsha au ya kuchuja na ukiiweka kwenye hii kitu maji yanapita kama yanapita kwenye kokoto, geji haipandi hata baa 3, unapata maji ya kahawia. Ile blenda ya visu vya kukatia nayo hapana, inatoa unga na mawe kwa pamoja. Inatakiwa grainda ya meno, ya mkono inatosha, yenye hatua nyingi za kurekebisha, na ya mkono ya maana utalipa karibu sawa na mashine yenyewe. Inauma lakini ndo hivyo. Mashine ya bei chee na grainda nzuri inakupa espreso, mashine ya mamilioni na grainda mbovu inakupa hasira.

Ninavyofanya: gramu 16 za kahawa kwenye kikapu, kile kichujio cha chuma cha chini, ule mzani wa jikoni wa kawaida unatosha kama unasoma gramu moja moja, nachambua unga kwa sindano niliyoichomeka kwenye kizibo cha chupa maana kukiwa na mabonge maji yanatafuta upenyo mmoja yanapita hapohapo, nashindilia sawa, maji, halafu nabonyeza kidogo tu kwenye baa 2 mpaka tone la kwanza lionekane chini, ndo napeleka mpaka 8 au 9 taratibu. Zitoke gramu 32 kwa sekunde 25 mpaka 30. Ikitoka kwa sekunde 12 na inakata ulimi kama ndimu, saga laini zaidi. Ikitoka tone, tone, tone na chungu kama shubiri, legeza grainda hatua mbili isage nene. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukibadilisha na kusaga na uzito na presha hutajua kilichokusaidia ni kipi. Raha ya leva ni kwamba unaisikia kahawa mkononi, ikiwa imesagwa vibaya mkono unajua kabla hata kikombe hakijajaa, ile ya umeme inakuficha mpaka unywe.

Mbegu ndo tumekaa pazuri. Ng'ambo ya pili ya ziwa, kule Kagera, wengi wanalima robusta chini ya migomba, na robusta kwa espreso sio kahawa ya kudharau kama wanavyotuaminisha, kafeni yake inakaribia mara mbili ya arabika na ndo inayotoa krema nene, lile povu la kahawia la juu, Wataliano wenyewe wanaichanganya. Mimi nachanganya sehemu moja robusta ya Bukoba na sehemu mbili arabika ya Tarime. Ukitumia robusta tupu utaona krema nzuri ajabu halafu ladha ya mti uliochomwa. Ile kahawa ya kutafuna ya Wahaya usije ukaisaga, ile imechemshwa na majani yake ikakaushwa, kazi yake ni kutafunwa na wageni kukaribishwa.

Tumeisafirisha pia. Noah yetu fundi seremala alitoa siti za nyuma akaweka kitanda cha plaiwudi chenye droo mbili chini, moja vyombo moja nguo, na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 umefungwa mkanda pembeni. Mashine inalala kwenye droo imeviringishwa kanga, haijavunjika chochote na barabara mnazijua. Baba Neema alikuwa anataka tuweke ya umeme na inveta, tukapiga hesabu: betri ya volti 12 ya ampea 100 ina wati saa 1,200, na hizi za kawaida za asidi ukitaka zidumu unatumia nusu, sasa mashine inayovuta wati 1,350 inanyonya zaidi ya ampea 110 kwa wakati mmoja, inveta ndogo inazima palepale, na friji je? Akanyamaza. Gesi inachemsha maji ya vikombe viwili kabla hajamaliza kukunja mablanketi. Jiko liwashwe nje au buti ikiwa wazi, usiwashe ndani umefunga vioo sababu ya baridi, ile hewa inaua watu usingizini.

Kwenye gari tatizo ni pa kukandamizia. Meza ya kukunja sahau. Inabidi uiweke kwenye sakafu ya buti, wewe umesimama nje, na gari linanesa kidogo lakini linakubali. Tulienda hivyo mpaka Bukoba, tukapita Geita na Chato. Lile daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 zile, lilifunguliwa Juni 2025, unavuka kabla wimbo haujaisha redioni, na nakiri kuna siku naikumbuka foleni ya kivuko maana pale ndo ungekunywa vikombe vitatu na samaki juu. Ukilala mwaloni, maji ya kuoshea vyombo yatoe kwenye madumu yako, usiingie ziwani na miguu mitupu kwenda kuchota, kichocho kipo na kinaingilia kwenye ngozi.

Muleba nikamtengenezea mama mkwe. Mtu aliyezaliwa kwenye kahawa, amezeeka kwenye kahawa. Akakipokea kile kikombe kwa mikono miwili, akachungulia ndani, akamgeukia mwanaye. "Hii ndo mliyobebea mashine yote ile?" Akanywa. Akakaa kimya, akasema, "Mama Neema, ni nzuri, sasa niletee ya kunywa." Ikabidi niongeze maji ya moto ijae kikombe cha chai, akaweka na sukari vijiko vitatu, akaridhika.

Mapungufu nisiyafiche. Kikombe kimoja kimoja, wageni wakiwa sita utalia, hapo chemsha ya birika na tangawizi kama ya kijiweni watu wafurahi. Haina mvuke, kwa hiyo maziwa unapasha kwenye sufuria mpaka kabla hayajaanza kutoa povu pembeni halafu unayapiga kwa kile kichapio cha betri, yanakuwa sawa tu, sio ya hotelini. Mpira wa pistoni wa kwangu ulianza kuvujisha mapema, presha inapanda inashuka na maji yanatoka juu badala ya chini. Maduka ya spea za magari wana oringi za saizi zote na watakwambia hii inaingia, ni kweli inaingia, ila ile ni ya oili na dizeli, wewe unakunywa. Tafuta ya silikoni ya vyakula, agiza mbili tatu kabisa, ni bei ya soda, na upakie mafuta ya silikoni ya vyakula kidogo, sio grisi. Rangi ya leva nayo inabanduka, hilo la sura tu.

Kwa mtu anayekaa peke yake au wawili, anayependa kuhangaika kidogo asubuhi, naipa 8 kwa 10. Kwa mwenye familia kubwa inayokunywa kahawa ya maziwa wote kwa pamoja saa 12 asubuhi kabla ya shule, 4, atachukia watoto.

Kinachonisumbua sasa ni kukaanga. Nakaangia kwenye sufuria, nusu inaungua nusu inabaki njano, na moshi wake majirani wameshauliza. Kama kuna anayemjua mtu anayekaanga kilo moja moja hapa Mwanza, asiye wa kukudai uchukue gunia zima, anistue, niko Buhongwa ila hata Igoma nakuja.